Wakili wa Kununua Nyumba England: Mwongozo Kamili, Tangu Ofa Hadi Usajili

Muuzaji akikubali ofa yako ya nyumba huku England, bado hujanunua kitu. Dalali atakupigia simu ya pongezi na kubadilisha bango la nje, lakini kisheria mambo yako vilevile kama jana yake. Muuzaji anaweza kesho kumuuzia mwingine aliyepandisha bei, nawe unaweza kughairi bila kumlipa hata senti. Hali hiyo inadumu kwa wiki nyingi, mpaka mawakili wa pande mbili wabadilishane mikataba iliyosainiwa. Aliyezoea utaratibu wa Kenya, ambako mkataba wa mauzo husainiwa mapema, asilimia 10 ikalipwa, ndipo siku 90 zikaanza kuhesabiwa, anashangaa. Wa Tanzania aliyezoea kuandikishana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa anashangaa zaidi. Huku uchunguzi unatangulia, kufungana kunakuja mwishoni, na mwenye kazi ya uchunguzi huo ni wakili wako.

Ninayoeleza hapa ni ya England na Wales. Scotland ina sheria zake na hatua zake, kwa hiyo kama unanunua Glasgow au Aberdeen tafuta wakili wa huko na maelezo ya huko.

Kazi yangu ya ukalimani imenikalisha mara nyingi katikati ya mawakili na wateja wetu wa Afrika Mashariki. Ninavyoona, kinachowachelewesha wengi si ugumu wa sheria za Waingereza. Ni mambo mawili ambayo mnunuzi hakuyasema siku ya kwanza: fedha zimetoka wapi, na kama ana nyumba kwao. Hayo mawili nitayakalia zaidi kuliko mengine.

Je, ni lazima niwe na wakili?

Sheria haikulazimishi. Ukinunua kwa fedha taslimu unaweza kufanya kila kitu mwenyewe. Ukinunua kwa mkopo wa benki, benki ndiyo itakayokulazimisha, maana nayo inataka mtu aliyesajiliwa ahakikishe kuwa dhamana yake ni salama. Kwa kawaida wakili huyohuyo anakuhudumia wewe na benki kwa pamoja. Hii ina maana kwamba ukimwambia jambo linaloigusa benki, mfano kwamba sehemu ya malipo yako ya awali ni deni kutoka kwa rafiki, hawezi kuliweka moyoni. Ataomba ruhusa yako aiambie benki, na ukikataa atajitoa.

Watu wanaofanya kazi hii ni wa aina mbili hasa. Wapo mawakili wa kawaida, wanaosimamiwa na chombo kinachoitwa SRA, na wapo wataalamu waliopewa leseni ya uhamishaji wa nyumba tu, wanaosimamiwa na CLC. Kwa nyumba ya kawaida wote wanafaa. Kukiwa na talaka ndani yake, mirathi yenye mzozo au mgogoro wa mpaka, nenda kwa wakili wa kampuni inayofanya sheria za aina nyingi. Vyombo vyote viwili vina daftari la majina kwenye intaneti. Litafute jina la kampuni humo kabla ya kutuma hata nakala ya pasipoti.

Wakili wa muuzaji si wako, hata akiwa mcheshi namna gani. Kwetu bado kuna watu wanaotumia mwanasheria mmoja kwa pande zote mbili ili kupunguza gharama. Huku, isipokuwa kwa nadra, hilo halikubaliki kwa sababu ya mgongano wa maslahi.

Na yule aliyependekezwa na dalali? Huenda ni mzuri. Muulize dalali kama analipwa kamisheni kwa kukupeleka huko na ni kiasi gani, anapaswa kukwambia. Dalali hana haki ya kukulazimisha umtumie huyo, wala kukunyima nyumba kwa sababu umemkataa. Binafsi naangalia jambo moja kuliko nyota za kwenye mtandao: nikipiga simu, nitaongea na mtu mwenye jina anayelishika faili, au na kituo cha simu kinachosoma maelezo kwenye skrini? Kampuni za bei ya chini kabisa mara nyingi ni za namna ya pili.

Kabla hujamwajiri, hakikisha pia yumo kwenye orodha ya mawakili wanaokubaliwa na benki yako. Kama hayumo, benki itataka wakili wake mwingine, nawe ndiye utakayemlipa.

Ananitoza kiasi gani?

Tangu Desemba 2018 kampuni za mawakili zinazofanya kazi hii zinatakiwa kuweka bei zao wazi kwenye tovuti, kwa hiyo usikubali jibu la "itategemea". Ada ya kazi yenyewe kwa nyumba ya kawaida huwa kati ya pauni 1,000 na 2,000 hivi, ukijumlisha VAT. Juu yake kuna malipo anayoyalipa kwa niaba yako: sachi (utafutaji wa taarifa za nyumba kwenye halmashauri na vyombo vingine), ada ya usajili wa ardhi, ada ya kutuma fedha kibenki, ukaguzi wa vitambulisho. Sachi peke yake inaweza kufika pauni 300 au zaidi, kutegemea halmashauri.

Bei inayotangazwa kwa herufi kubwa mara nyingi haina nyongeza: nyongeza ya fleti, ya kupokea fedha ya zawadi, ya kutumia Lifetime ISA (akaunti ya akiba ya kununulia nyumba ya kwanza), ya kununua nyumba mpya. Omba bei moja iliyoandikwa, yenye kila kitu, ukimweleza hali yako halisi. Uliza pia: ununuzi ukivunjika njiani, nalipa nini? Wapo wanaosema hutalipa ada wasipokamilisha, lakini fedha ya sachi iliyokwisha kulipwa hairudi.

Siku ya kwanza: fedha zimetoka wapi

Wakili analazimika, kwa kanuni za mwaka 2017 dhidi ya utakatishaji fedha, kujua wewe ni nani na fedha zako zina asili gani. Hakuchukii wala hakudharau. Akipokea fedha asizoweza kuzieleza, anayeweza kushtakiwa ni yeye.

Kwa mtu aliyeweka akiba ya mshahara benki kwa miaka mitatu, hili ni jambo la dakika kumi: taarifa za benki za miezi sita na hati za mshahara. Kwetu sisi fedha huwa imepita njia nyingi. Mfano ninaouona sana ni wa mama mwenye pauni 24,000. Sehemu ni akiba yake ya kazi ya uuguzi, sehemu ni upatu aliopokea zamu yake mwezi wa Februari, sehemu kaka yake ameuza kiwanja Bagamoyo na kumtumia. Kwake yote ni halali. Wakili anaona mafungu matatu yaliyoingia kwa majina ya watu tisa.

Upatu, au mchezo, au chama, hauna jina kwenye fomu za Waingereza, na wengi huuficha kwa kudhani ni kosa. Si kosa. Tatizo ni ushahidi. Kama mnachangiana kwa fedha mkononi, hakuna karatasi. Kama mnatumiana benki, kila mchango wako uliotoka na kila pauni iliyoingia zamu yako vinaonekana. Kwa hiyo anayefikiria kununua nyumba mwaka kesho ahamishie mchezo wake benki kuanzia sasa. Mwandikie wakili ukurasa mmoja: kikundi kina watu wangapi, kila mmoja anatoa kiasi gani, zamu yako ilikuwa lini. Ambatisha taarifa za benki zenye mistari hiyo imepigwa rangi. Wakili ambaye hajawahi kusikia upatu ataelewa akiona hesabu inakubali.

Fedha ya kiwanja kilichouzwa nyumbani inataka mkataba wa mauzo, ushahidi kwamba muuzaji ndiye alikuwa mmiliki, taarifa ya benki au ya M-Pesa inayoonyesha mnunuzi alivyolipa, na risiti za kuituma huku. Karatasi za Kiswahili zitahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Kiwanja kikiwa cha kaka na si chako, basi hiyo ni zawadi, na kaka ndiye atakayetakiwa kutoa kitambulisho na taarifa zake za benki. Atasaini pia barua kwamba fedha ni zawadi, hatairudisha, na haimpi haki yoyote ndani ya nyumba. Mweleze mapema kabisa. Watu wetu hawapendi kuambiwa "tuonyeshe akaunti yako" na mgeni wa London, na zipo nyumba zilizopotea kwa sababu mjomba aliona amedhalilishwa.

Fedha yote iingie kwenye akaunti yako, ikae, halafu itoke kwako kwenda kwa wakili. Usimwambie shangazi airushe moja kwa moja kwenye akaunti ya wakili. Itarudishwa, au itazuiwa wakati inachunguzwa.

Jambo dogo linalosumbua: majina. Pasipoti inasema Fatma Salim Juma, benki inasema Fatuma Juma, hati ya mshahara inasema F. S. Salim. Mwambie wakili mwenyewe kabla hajakuuliza. Tamko la kiapo kwamba ni mtu mmoja ni kazi ndogo ikifanywa wiki ya kwanza, na ni balaa ikigunduliwa siku ya kukamilisha.

Wanaoogopa suala la viza: si lazima uwe raia ili umiliki nyumba. Viza inaangaliwa sana na benki inapoamua kukukopesha, na wakili ataitazama kama sehemu ya kukutambua, basi.

Nyumba ya kwenu inahesabiwa

Hapa ndipo watu wanapoumia. Ushuru wa stempu wa England unaangalia nyumba ulizonazo popote duniani. Nyumba ya Kigamboni, ya Mtwapa, ya Mukono, zote zimo.

Chukua nyumba ya pauni 280,000, kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2025. Mnunuzi wa mara ya kwanza halipi kitu, kwa sababu hadi pauni 300,000 amesamehewa, ilimradi bei yote haizidi 500,000. Lakini "mara ya kwanza" maana yake hajawahi kumiliki nyumba ya kuishi mahali popote, hata kwa kurithi, hata fungu tu. Aliyewahi kumiliki nyumba ya block mbili Tabora, hata akiwa ameshaiuza, si mnunuzi wa mara ya kwanza. Huyo atalipa kawaida: sifuri kwa pauni 125,000 za mwanzo, asilimia 2 kwa 125,000 zinazofuata, asilimia 5 kwa 30,000 zilizobaki. Jumla pauni 4,000.

Kama bado anaimiliki, na fungu lake lina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, na hanunui kwa kubadilisha makazi yake makuu, inaingia nyongeza ya asilimia 5 kwa bei yote. Ni pauni 14,000 juu ya zile 4,000. Nyumba ileile, mtaa uleule: mmoja analipa sifuri, wa pili 4,000, wa tatu 18,000.

Mke na mume wanaoishi pamoja huhesabiwa kama mtu mmoja kwenye nyongeza hii, hata nyumba ikinunuliwa kwa jina la mmoja. Nyumba ya mume iliyoko Nyali inamfuata mkewe hadi Leicester. Kiwanja kitupu hakihesabiwi, kwa kuwa si nyumba. Fungu la urithi lisilozidi nusu, lililopatikana ndani ya miaka 3 iliyopita, linaweza kuachwa nje ya nyongeza, lakini bado linaweza kukuondolea sifa ya mnunuzi wa mara ya kwanza. Nyumba ya marehemu baba ambayo mirathi yake haijafungwa ni suala la kumpelekea wakili pamoja na karatasi zote. Usiliamulie jibu mwenyewe.

Walioko Muscat, Dubai au nyumbani wakinunua nyumba England wajue pia kuna asilimia 2 zaidi kwa ambaye hakuwa Uingereza angalau siku 183 katika miezi 12 kabla ya kununua. Hii inajumlishwa na zile nyingine. Wales ina ushuru wake tofauti, wenye viwango vyake.

Fomu ya ushuru inajazwa na wakili lakini tamko ni lako. Ukimwambia huna nyumba kwingine, ataandika huna. Mamlaka ya kodi ikija kugundua, deni, riba na faini vinakujia wewe. Naye wakili wa kawaida wa huku hatakuuliza kuhusu Kigamboni kwa jina; atakuuliza swali la jumla kwenye fomu ya kurasa nyingi, na ukiijibu haraka haraka umekwisha.

Lifetime ISA nayo ni ya asiyewahi kumiliki nyumba popote, kwa nyumba isiyozidi pauni 450,000. Usiitoe mwenyewe: anayeiomba kwa mwenye akaunti ni wakili. Ukiitoa mwenyewe, unakatwa asilimia 25.

Nyumba iandikwe kwa majina ya nani, na kwa namna gani?

Wakinunua wawili, wakili atauliza mnamiliki vipi. Namna ya kwanza ni ya pamoja bila mafungu: mmoja akifa, nyumba yote inabaki kwa aliye hai papo hapo, wosia useme usemavyo. Namna ya pili ni ya mafungu: 50 kwa 50, au 70 kwa 30, na kila mmoja anaweza kuusia fungu lake.

Kwa Mwislamu anayetaka mali yake igawiwe kwa mafungu ya sharia, namna ya kwanza inaitoa nyumba nje ya mirathi kabisa. Wazazi na watoto hawapati kitu ndani yake. Sheria ya England inakuruhusu kuandika wosia wa Kiislamu, ila wosia huo hauwezi kugusa nyumba iliyoandikwa kwa namna ya kwanza. Wanandoa wengi hujaza kisanduku hicho bila kuulizana. Ulizaneni. Ndugu wawili wanaonunua pamoja, au mmoja aliyetoa malipo makubwa zaidi ya awali, waombe hati ya kutamka mafungu. Inagharimu kidogo kuliko kesi.

Na kama mama au mdogo wako mtu mzima ataishi nawe bila kuwa mmiliki, benki itataka asaini karatasi kwamba haki yake haitashinda ya benki. Anaweza kupewa mwanasheria mwingine wa kumweleza anachosaini. Mwandae mama mapema, asije akadhani anafukuzwa kabla hajahamia.

Anafanya nini wiki zote hizi?

Wakili wa muuzaji anatuma rasimu ya mkataba, nakala ya daftari la ardhi na ramani yake, na fomu mbili alizojaza muuzaji: TA6, inayoeleza majirani, mizozo, mafuriko, ujenzi uliofanywa, hata lile gugu la Japani linaloweza kuharibu majengo, na TA10, inayosema nini kinabaki na nini kinaondolewa. TA10 isome mwenyewe neno kwa neno. Kama jiko, pazia na banda la bustani ulivyoviona siku ya kutembelea havikuandikwa kuwa vinabaki, usivitegemee.

Kisha sachi. Ya halmashauri inaonyesha vibali vya ujenzi vya nyumba hiyo, kama barabara inatunzwa na halmashauri, na maagizo yaliyowekwa juu ya mali. Ya maji inaonyesha mabomba na mfereji mkuu wa majitaka unapita wapi. Kama uko chini ya pale unapotaka kuongeza jiko, utahitaji idhini. Ya mazingira inagusa mafuriko na ardhi iliyochafuliwa na viwanda. Durham, Barnsley na mabonde ya kusini mwa Wales huongezwa ya migodi ya makaa. Cornwall ya bati. Sehemu za Cheshire ya chumvi.

Wengi hudhani sachi ya halmashauri itawaambia kama jirani ana kibali cha kujenga ghorofa litakaloziba jua. Haiwaambii, kwa sababu inahusu nyumba unayonunua tu. Ingia mwenyewe tovuti ya halmashauri, sehemu ya vibali vya ujenzi, uangalie mtaa mzima. Ni bure.

Wakili haji kuiona nyumba. Yeye anaona karatasi. Chukua ramani aliyokutumia, nenda nayo, simama nyuma ya nyumba uilinganishe na uzio. Kama ramani inaonyesha njia ya pamoja pembeni na muuzaji ameifunga kwa geti na kufuli, wakili hawezi kulijua hilo usipomwandikia. Vivyo hivyo chumba cha juu kilichoongezwa: ukimwambia "kuna chumba darini chenye ngazi", ataomba cheti cha ukaguzi wa ujenzi. Usipomwambia, hatajua kipo.

Ubora wa jengo ni kazi ya mkaguzi wa majengo, na tathmini ya thamani inayofanywa na benki si ukaguzi. Lipia ukaguzi wako. Kwa nyumba ya zama za Victoria (karne ya 19) chukua ule wa kina, daraja la 3. Mpe wakili nakala ya ripoti, kwa kuwa mengi ndani yake hugeuka maswali ya kisheria.

Baada ya hapo anaandika maswali kwa upande wa pili, wanajibu nusu, anarudia. Hapo ndipo wiki zinapokwenda. Tangu ofa hadi ufunguo, miezi mitatu hadi mitano ni kawaida, na mnyororo wa wanaouziana ukiwa mrefu huzidi. Kupiga simu kila siku hakusaidii. Barua pepe moja kila wiki inayouliza "ni maswali gani bado hayajajibiwa, na yapo kwa nani?" inasaidia, kwa sababu jibu lake unaweza kumpa dalali akasukume upande ule.

Fleti

Fleti nyingi England hazinunuliwi za milele, unanunua miaka ya kuitumia. Swali la kwanza ni imebaki mingapi. Chini ya 80 gharama ya kuiongeza inapanda sana, na benki nyingi huanza kusita. Tangu tarehe 31 Januari 2025 huhitaji tena kumiliki miaka miwili kabla ya kuomba nyongeza. Wakili atanunua kwa msimamizi wa jengo furushi la taarifa. Litachelewa, ni kawaida. Ndani yake mwulize akuonyeshe mambo matatu: ada ya huduma ya miaka mitatu iliyopita, kazi kubwa zilizopangwa kama paa au lifti, na usalama wa kuta za nje, jambo ambalo tangu moto wa jengo la ghorofa la Grenfell, London, wa 2017 benki hazilichezei. Kodi ya ardhi (anayolipwa mwenye ardhi, si serikali) kwenye mikataba mingi mipya iliyotolewa tangu tarehe 30 Juni 2022 ni sifuri, lakini fleti ya zamani inaweza kuwa na kodi inayopanda mara dufu kila baada ya miaka kadhaa. Hiyo ikataliwe, au bei ishuke.

Ufadhili usio na riba

Anayenunua kupitia mpango wa benki ya Kiislamu anasaini zaidi ya hati moja: benki inanunua, mnakuwa wabia, unapanga fungu lake na kulinunua kidogo kidogo. Sheria imeweka msamaha ili ushuru usilipwe mara mbili. Tafuta wakili aliyekwisha kufanya mipango hiyo, na muulize nani hulipia matengenezo na nini hutokea ukishindwa kulipa. Benki itakuwa na wakili wake, hivyo gharama huwa juu kidogo.

Kusaini na kubadilishana mikataba

Wakili akimaliza atakuandikia ripoti. Isome, muulize usichoelewa. Kama Kiingereza cha kisheria kinakusumbua, omba mkalimani, usimtumie mtoto wa darasa la nane. Mkataba unausaini peke yako. Hati ya rehani unaisaini mbele ya shahidi aliye hapo kimwili, si kwa video, wala asiwe mwenza wako. Kama umepanga kwenda nyumbani Desemba, mwambie wakili Oktoba.

Kubadilishana kwenyewe hufanyika kwa simu. Wakili wako ana nakala uliyosaini, wa muuzaji ana yake. Wanasomeana majina, bei, tarehe ya kukamilisha, wanataja kanuni ya Law Society (chama cha mawakili) wanayoitumia, kila mmoja anaandika saa juu ya karatasi yake. Dakika chache, na umefungwa. Amana ni asilimia 10 kwa kawaida. Ukiwa na 5, wakili aombe mapema ikubaliwe. Ukishindwa kukamilisha utapewa notisi ya siku 10 za kazi, na baada yake amana inaweza kupotea yote.

Bima ya jengo ianze siku hiyohiyo ya kubadilishana, maana kwa masharti ya kawaida ya mauzo hatari inahamia kwako, hata kama muuzaji bado analala humo.

Siku ya ufunguo, na wezi wa barua pepe

Wahalifu husubiri hapa. Wanaingia kwenye barua pepe, wanasoma mazungumzo, halafu wanakutumia ujumbe unaofanana kabisa na wa wakili: "tumebadilisha benki, tuma kwenye akaunti hii." Mawakili hawabadilishi akaunti katikati ya kazi. Chukua namba ya akaunti siku ya kwanza, kwa karatasi au ana kwa ana. Kabla ya kutuma piga simu kwa namba uliyoipata mwenyewe mwanzoni, si iliyo ndani ya ujumbe huo. Tuma pauni 1 kwanza, wathibitishe wameipokea, ndipo utume zilizobaki. Fanya hivyo siku moja au mbili kabla, kwa sababu benki yako inaweza kuzuia malipo makubwa ili ikuulize.

Ikiwezekana usikamilishe Ijumaa. Fedha ikikwama saa tisa alasiri, lori la mizigo litakaa barabarani mpaka Jumatatu.

Baada ya ufunguo

Wakili ana siku 14 kupeleka fomu ya ushuru wa stempu na malipo yake. Wales ni 30. Halafu anaomba usajili kwa HM Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi. Kabla ya kukamilisha alikuwa ameomba ulinzi wa siku 30 za kazi ili mtu mwingine asiingize kitu kwenye daftari mbele yako. Usajili wenyewe unaweza kuchukua miezi, lakini umiliki wako unahesabiwa tangu siku ombi lilipopokelewa.

Usisubiri hati yenye muhuri wa moto kama ya kwetu. Daftari ni la kielektroniki, na utapata nakala tu. Jiandikishe kwenye huduma yao ya bure ya tahadhari, hasa kama unasafiri kwa miezi mingi au umepangisha: mtu akijaribu kubadilisha kitu kwenye daftari la nyumba yako, utapata barua pepe.

Ukiwa na malalamiko juu ya wakili, yaandike kwa kampuni yenyewe kwanza na uipe wiki 8. Wasipokuridhisha, nenda kwa Legal Ombudsman, bila malipo, ndani ya miezi 6 tangu jibu lao la mwisho.

Nakala ya daftari ikifika, soma jina lako herufi kwa herufi, anwani ya kukutumia barua, namna ya umiliki mliyochagua na jina la benki. Kosa la herufi linarekebishwa kwa urahisi wakili akiwa bado hajafunga faili, kwa hiyo mwandikie wiki hiyohiyo.